Kerneli: kiini cha simu yako, na jinsi anayeanza anavyoweza kujenga ya kwake

Unapochomeka waya wa spika za masikioni kwenye simu na kufungua redio ya FM ili utusikilize, kuna kazi inafanyika ambayo huioni. Programu ya redio haina ruhusa ya kuigusa chipu ya FM iliyo ndani ya simu. Inachofanya ni kuomba ipatiwe masafa fulani. Ombi hilo linashuka hadi kwa programu nyingine iliyo chini kabisa, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuzungumza na chipu, kisha sauti inapanda kwa njia hiyohiyo hadi sikioni mwako. Programu hiyo ya chini kabisa inaitwa kerneli. Tungeweza kuiita kiini cha mfumo, na tafsiri hiyo ni nzuri, lakini humu tutatumia kerneli kwa sababu ndilo jina utakalokutana nalo kokote utakakokwenda kusoma zaidi.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya msikilizaji aliye Chonyonyo, Nyaishozi, Nkwenda au kokote Karagwe na Kyerwa, mwenye simu janja na pengine kompyuta mpakato iliyochakaa, ambaye amesikia kwamba kerneli ya Linux ni ya bure na kwamba mtu anaweza kujijengea yake. Ni kweli anaweza. Ipo njia ya kuanza isiyogharimu kitu zaidi ya bando na muda wako, na ipo njia nyingine inayoweza kuiua simu inayotegemewa na nyumba nzima. Tutazieleza zote mbili.

Karani wa ghala

Fikiria siku ya kupokea kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Wakulima wamefika na magunia yao. Hakuna anayefungua ghala mwenyewe na kumwaga kahawa anapotaka. Yupo karani. Karani anapanga nani aje kwenye mizani, anapima, anaandika, anasema gunia hili likae wapi, na funguo za ghala ziko mfukoni mwake. Mkulima hahitaji kujua mizani inafanya kazi vipi. Anamwambia karani shida yake, basi.

Kerneli ni karani huyo. Wakulima ni programu zako: WhatsApp, kamera, redio, kikokotoo. Ghala na mizani ni vifaa vya mashine yenyewe: prosesa, kumbukumbu, kioo, kamera, antena.

Kazi ya kwanza ya kerneli ni kupanga zamu. Simu yako inaonekana kama inafanya mambo kumi kwa wakati mmoja, lakini prosesa ina viini vichache tu vya kufanyia kazi, vinne au vinane, na programu zinazosubiri ni nyingi zaidi. Kwa hiyo kerneli inampa kila mmoja muda mfupi mno, kisha inamwondoa na kumwingiza mwingine. Kwenye mipangilio mingi ya Linux saa ya kerneli inagonga mara 250 kwa sekunde, na kila inapogonga kerneli hupata nafasi ya kuangalia kama ni wakati wa kubadilisha zamu. Jicho lako halioni mabadiliko hayo, ndiyo maana unadhani vyote vinakwenda pamoja.

Kazi ya pili ni kugawa kumbukumbu. Kila programu hupewa kibanja chake, na kerneli inashirikiana na prosesa kulinda mipaka. Programu ikijaribu kuchimba kwenye kibanja cha jirani, inafungwa palepale; ule ujumbe unaouona kwamba programu imeacha kufanya kazi wakati mwingine unatokana na hilo. Bila ulinzi huo mchezo wa bure ulioupakua jana ungeweza kusoma namba ya siri unayoiandika kwenye programu ya kutuma fedha.

Kisha zipo draiva. Draiva ni kipande cha kerneli kinachojua lugha ya kifaa kimoja: chipu hii ya FM, kamera ile, aina hii ya kioo. Dunia ina vifaa vya kila namna, na ndiyo maana draiva zimeifanya kerneli ya Linux iwe kubwa ajabu. Leo ina mistari ya msimbo zaidi ya milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni draiva tu. Anayeanza akisikia milioni 30 hukata tamaa, na hana sababu. Hakuna mtu duniani aliyeisoma yote, hata waliomo ndani yake kila siku.

Kompyuta ya mkopo

Linux ilianzishwa na mwanafunzi. Linus Torvalds alikuwa na miaka 21, akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na alikuwa amenunua kompyuta kwa kulipa kidogo kidogo. Mwalimu mmoja wa Amsterdam, Andrew Tanenbaum, alikuwa ameandika mfumo mdogo wa kufundishia uitwao Minix mwaka 1987, na Torvalds alijifunzia humo. Tarehe 25 Agosti 1991 alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wake, akisema ni wa kujifurahisha tu na hautakuwa mkubwa. Toleo la kwanza, alilolitoa Septemba mwaka huo, lilikuwa na mistari kama 10,000.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko msimbo wenyewe: aliiweka kerneli yake chini ya leseni iitwayo GPL, iliyotokana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman. Leseni hiyo inasema hivi kwa ufupi. Yeyote anaweza kuutumia msimbo huu, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Lakini akimpa au akimuuzia mtu mwingine kitu kilichotengenezwa nao, lazima awe tayari kumpa na msimbo chanzo, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Huwezi kuchukua mbegu ya kijiji, ukaiboresha, kisha ukaifungia kabatini.

Ndiyo sababu Linux imeenea hadi mfukoni mwako. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Hata zile kitochi za 4G zenye batani, zinazotumia mfumo uitwao KaiOS, ndani yake ni Linux. Kama una simu ya Android, fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha utafute toleo la Android. Utaona mstari wa toleo la kerneli, ukianza na namba kama 4.14 au 5.10. Karibu na hapo utaona pia tarehe ya sasisho la usalama. Iandike tarehe hiyo, tutairudia.

Upande wetu wa Afrika Mashariki, kazi kubwa ya mwanzo ya programu huria haikuwa kwenye kerneli bali kwenye lugha. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya chanzo huria iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kupitia mradi uliofahamika kama Kilinux. Ili kuifanya kazi hiyo ilibidi kwanza kuandaa orodha ya istilahi, kwa sababu huwezi kutafsiri menyu wakati hamjakubaliana neno la kuiita. Anayejifunza kerneli leo anakutana na tatizo hilohilo: mafunzo karibu yote yako kwa Kiingereza. Kwa hiyo humu tutaeleza maana ya ujumbe wa makosa unaotokea sana, maana hapo ndipo wengi huachia.

Unataka kujenga ipi?

Watu wanaposema "kujenga kerneli" huwa wanamaanisha mambo matatu yasiyofanana, na fundi wa simu akikwambia jambo rahisi huku wewe unafikiria lingine, mtapotezana.

Jambo la kwanza ni kuandika kerneli yako kutoka sifuri, mstari kwa mstari. La pili ni kuchukua msimbo wa Linux uliopo, kuchagua unachotaka kibaki na unachotaka kitoke, kisha kuufanyia kompaili, yaani kuugeuza kutoka maandishi ya lugha ya C kuwa faili ambalo prosesa inalielewa. La tatu ni kubadilisha kerneli iliyomo kwenye simu na kuweka nyingine. Vijana wengi huanza na la tatu kwa sababu ndilo linaloonekana. Sisi tungeshauri liwe la mwisho, au lisiwepo kabisa.

Kuanzia sifuri, kwenye simu

Huhitaji kompyuta kwa hatua hii. Ipo programu ya Android iitwayo Termux inayokupa dirisha jeusi la kuandikia amri kama la kompyuta ya Linux. Ipakue kutoka F-Droid, ghala la programu huria. Haiombi kufungua wala kubadilisha chochote ndani ya simu. Ukiichoka unaifuta kama programu nyingine yoyote.

Ndani ya Termux tunahitaji vitu viwili. Kimoja ni NASM, kinachogeuza maandishi ya lugha ya asembli kuwa msimbo wa mashine. Kingine ni QEMU, ambayo ni kompyuta ya kuigiza: inajifanya kompyuta kamili ndani ya simu yako, ukiiharibu unaifunga na kuifungua tena, na simu yenyewe haijui kilichotokea. Amri ni hizi mbili:

pkg install nasm
pkg install qemu-system-x86-64-headless

Kabla ya kupakua, Termux itakuonyesha ukubwa wa mzigo na kukuuliza kama uendelee. QEMU ni nzito, kwa hiyo soma namba hiyo kwanza ulinganishe na bando lako. Baada ya hapo hutahitaji intaneti tena kwa zoezi hili.

Sasa jambo linalotufurahisha. Kompyuta ya kawaida ya mtindo wa zamani ikiwashwa, programu ndogo iliyomo kwenye ubao wake, iitwayo BIOS, inasoma baiti 512 za mwanzo za diski na kuziweka kwenye kumbukumbu mahali penye anwani 0x7C00. Ikikuta baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, inaamini kwamba hapo kuna kitu cha kuendesha, na inamkabidhi mwenye msimbo huo mashine yote. Baiti 512 ni kitu gani? SMS moja ya herufi 160 hubeba baiti 140. Kwa hiyo programu inayoweza kuishika kompyuta nzima mikononi inaenea kwenye SMS nne. Hii hapa:

bits 16
org 0x7c00
xor ax, ax
mov ds, ax
xor bx, bx
cld
mov si, salamu
tena:
lodsb
or al, al
jz mwisho
mov ah, 0x0e
int 0x10
jmp tena
mwisho:
hlt
jmp mwisho
salamu: db "Habari za Chonyonyo", 0
times 510-($-$$) db 0
dw 0xaa55

Iandike kwenye faili uliloliita kerneli.asm, kisha:

nasm -f bin kerneli.asm -o kerneli.bin
qemu-system-x86_64 -nographic -drive format=raw,file=kerneli.bin

Utaona maneno ya BIOS, kisha salamu yako. Kutoka, bonyeza Ctrl na A, uachie, kisha X.

Maneno tena, mwisho na salamu tumeyabuni sisi. Ni vibandiko tu, na unaweza kuweka vya Kinyambo ukipenda. Mengine ni ya prosesa. Lodsb inachukua herufi moja kutoka kwenye kumbukumbu na kusogea mbele. Or al, al inaangalia kama herufi hiyo ni sifuri, alama kwamba maneno yamekwisha. Int 0x10 inaiomba BIOS ichapishe herufi. Hlt inailaza prosesa. Mstari wa times unajaza sifuri hadi baiti ya 510, ili 55 na AA zikae mahali pake.

Je, hiyo ni kerneli? Bado. Haipangi zamu, haigawi kumbukumbu, na inategemea BIOS imsaidie kuandika. Ni mbegu ya kerneli. Lakini imefanya jambo ambalo programu za kawaida hazifanyi: imeendeshwa bila mfumo endeshi wowote chini yake. Hatua inayofuata kwa kawaida ni kuiacha BIOS na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kioo, anwani 0xB8000, ambako kila herufi huchukua baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi. Kioo cha nguzo 80 na mistari 25 kinahitaji baiti 4,000. Hapo utahitaji kioo cha kuigiza cha QEMU, na ndipo kompyuta inapoanza kuwa rafiki kuliko simu. Baada ya hapo unahamia lugha ya C, unajifunza kupokea ishara za saa, kisha kibodi, kisha kugawa kumbukumbu. Kila hatua ni wiki kadhaa za jioni, si siku moja.

Anayetaka kuona kerneli ndogo iliyokamilika kabla ya kuandika yake, chuo cha MIT cha Marekani hutoa bure kerneli ya kufundishia iitwayo xv6, pamoja na kitabu chake cha kurasa zipatazo mia moja. Ina mistari elfu chache tu. Hiyo mtu anaweza kuisoma yote, tofauti na Linux.

Kujenga Linux kwenye kompyuta chakavu

Hapa unahitaji kompyuta yenye mfumo wa Linux kama Debian, Ubuntu au Mint. Mpakato wa zamani unafaa, ila uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski. Tungesema GB 20 ili usihangaike katikati.

Msimbo wa Linux unapatikana kernel.org. Usiuchukue kwa njia ya git pamoja na historia yake yote, maana historia hiyo ni GB kadhaa na italimaliza bando lako la mwezi. Chukua faili moja lililobanwa la toleo la muda mrefu. Ni MB 140 hivi. Ukilifungua linazidi GB moja. Kama mko vijana watatu au wanne mnaojifunza, apakue mmoja na wengine wanakili kwa flashi.

Kisha weka vifaa vya kazi:

sudo apt install build-essential flex bison bc libncurses-dev libelf-dev libssl-dev

Ingia kwenye folda ya msimbo na uandike make defconfig. Amri hiyo inaandaa mipangilio ya kawaida inayoendesha kompyuta nyingi. Baada yake make menuconfig inafungua menyu ya kuchagua. Hapo ndipo neno "kerneli yako" linapata maana: unaondoa draiva za vifaa usivyokuwa navyo, na kila unachoondoa kinapunguza muda wa kusubiri. Usiwe na pupa. Zima vitu vichache, jenga, jaribu, kisha rudi tena. Kwenye sehemu ya mipangilio ya jumla kuna mahali pa kuandika jina la toleo lako, andika -chonyonyo.

Tunakuonya kuhusu amri moja inayovutia: make tinyconfig. Inatoa kerneli ndogo sana, lakini imezima hadi uwezo wa kuandika maneno kwenye kioo. Anayeanza huiwasha, akaona giza, akadhani imekufa. Kumbe ipo, imenyamazishwa tu.

Sasa make -j2 kwa kompyuta ya viini viwili, au -j4 kwa ya viini vinne. Kwenye mashine ya zamani itachukua saa nzima au zaidi, na itapata moto. Iweke mezani, si kitandani.

Na umeme ukikatika? Swali hili vitabu vya nje hulipita haraka, lakini huku kwetu ndilo la kwanza. Jibu ni zuri: make hulinganisha saa za mafaili na kujua yapi yamekamilika, kwa hiyo ukiandika make tena inaendelea ilipoishia. Kuna mitego miwili. Faili lililokuwa linaandikwa umeme ulipokatika linaweza kubaki tupu; yafute yaliyo matupu kwa amri find . -name '*.o' -size 0 -delete. Wa pili ni betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ya zamani. Ikiwa imekufa, kompyuta ikizimika tarehe inarudi miaka nyuma, na make inachanganyikiwa kwa sababu inaona mafaili ya kesho. Itakwambia "Clock skew detected", yaani saa hazilingani. Rekebisha tarehe kabla ya kuendelea.

Ujumbe mwingine utakaokutana nao ni "command not found", maana yake chombo fulani hakijawekwa, na "No space left on device", maana yake diski imejaa. Kosa likitokea katikati ya mistari mingi, usisome mstari wa mwisho. Panda juu utafute neno "error" la kwanza. Yanayofuata kwa kawaida ni matokeo yake.

Ikimaliza, kerneli yako iko kwenye arch/x86/boot/bzImage. Usiiweke kwenye kompyuta. Ijaribu kwanza kwenye QEMU:

qemu-system-x86_64 -m 512 -nographic -kernel arch/x86/boot/bzImage -append "console=ttyS0"

Mistari itamwagika, kisha itasimama na maneno ya kutisha: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs". Hapo wengi wanafunga kompyuta na kwenda kulala kwa huzuni, na wamekosea. Ujumbe huo unasema kerneli imewaka, imehesabu kumbukumbu, imevitambua vifaa, kisha imetafuta diski yenye programu za kuendesha na haikuikuta, kwa sababu hukuipa. Karani amefika, amefungua ghala, hakuna mkulima. Ukiiona panic hiyo, kerneli yako ni nzima.

Mkulima wa kwanza mpe BusyBox, programu moja ndogo iliyobeba ndani yake mamia ya amri za kawaida. Unaifunga kwenye kifurushi kinachoitwa initramfs na kumkabidhi QEMU kwa neno -initrd. Sasa ukiandika uname -r, namba ya toleo itatokea ikifuatiwa na -chonyonyo.

Siku utakapoiweka kwenye kompyuta halisi, usifute kerneli ya zamani. Menyu ya kuwashia, GRUB, inaweza kubeba zote mbili. Mpya ikigoma unazima, unawasha, unachagua ya zamani.

Simu ni jambo jingine

Simu haina menyu hiyo ya kukuokoa kirahisi. Watengenezaji wengi hufunga mlango wa kuwashia ili simu ikubali kerneli yao tu. Baadhi ya simu zinakuruhusu kuufungua, na ukifungua, kila kitu kilichomo kinafutwa: picha, namba, ujumbe. Kerneli ya simu moja haifai kwenye nyingine hata kama zinafanana kwa sura, kwa sababu inabeba maelezo ya vifaa vya aina hiyo tu. Msimbo wake unapaswa kutolewa na mtengenezaji kwa mujibu wa GPL; wapo wanaoutoa na wapo wasioutoa, na usipokuwepo huna pa kuanzia.

Zaidi ya hapo, programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyofunguliwa. Na kwenye aina kadhaa za simu, kuflashi vibaya hufuta IMEI, ile namba unayoiona ukibonyeza *#06#. Simu ikipoteza IMEI inapoteza mtandao. Hapo hutokea mtu wa kukwambia atakuwekea IMEI nyingine. Usikubali. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na TCRA imeshaonyesha kwamba namba hizo zinafuatiliwa: Juni 2016 ilizizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia IMEI zake.

Kwa hiyo simu yenye laini inayopokelea fedha za kahawa, au ile mama anayopigiwa na zahanati, si ya kufanyia mazoezi. Kama ni lazima, tafuta simu ya zamani isiyo na laini, ambayo ikifa hakuna atakayelala bila kula.

Hata hivyo tunaelewa kwa nini watu wanajaribu. Irudie ile tarehe ya sasisho la usalama uliyoiandika. Ikiwa ni ya miaka miwili au mitatu nyuma, mtengenezaji ameshaiacha simu yako, na kasoro zinazogunduliwa kwenye kerneli hazitaifikia dawa yake. Kasoro hizo si hadithi. Mwaka 2016 iligundulika moja iliyopewa jina Dirty COW, iliyokuwa imejificha ndani ya Linux tangu mwaka 2007; iliiruhusu programu ya kawaida kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Linux ilirekebishwa Oktoba mwaka huohuo. Simu zilizoachwa na watengenezaji wake hazikupata marekebisho hayo. Kwa mwenye simu ya namna hiyo, kinga iliyo karibu ni kutopakua programu kutoka kwenye viungo vya kutumiwa WhatsApp, na kutoweka programu za fedha humo.

Pa kuchangia

Mtu akishaijenga Linux mara mbili tatu, mara nyingi huuliza kama naye anaweza kuongeza kitu ndani yake. Marekebisho hupokelewa kwa barua pepe kutoka kwa yeyote, yakiwa na mstari wa kuthibitisha kwamba kazi ni yake na ana haki ya kuitoa. Haulizwi cheti wala umri. Wengi huanza na kitu kidogo, kama kusahihisha maelezo yaliyokosewa au kufuta onyo la kompaila kwenye draiva iliyosahaulika.

Ndani ya folda la msimbo uliloupakua kuna Documentation, na ndani yake translations. Fungua utazame. Kuna Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo. Kazi hiyo haihitaji prosesa yenye nguvu. Inaweza kufanyika kwenye mpakato wa zamani, kwa taa ya sola.